Rimu Lililolia Siku ya Fainali

Prudensia hajawahi kupiga mpira hata mara moja, lakini hakuna mtu Nkwenda anayebisha kwamba timu ya Maganda ni yake. Ni msimamizi wa sakafu ya kuanikia katika kiwanda cha kukoboa kahawa, mama wa makamo aliyekuja kutoka Muleba akiwa msichana wa kuchambua punje, na akiita, mashine zenyewe zinanyamaza. Timu aliianzisha kwa hasira. Enzi hizo vibarua walikula mchana kwa makundi mawili: Wanyambo, wenyeji wa hapa, upande wa ghala, wenye asili ya Rwanda na Burundi upande wa choo, wakitazamana vibaya juu ya ndizi na maharage. Siku waliyopigana kwa ajili ya sufuria, alikwenda sokoni akanunua mpira, akawarushia na kuwaambia wapigane na huo. Wakaupiga. Miaka ikapita, wakazikana, wakaoleana, na sufuria ikawa moja.

Adui yao mkubwa hakuwa timu yoyote. Ilikuwa mvua. Kahawa ikilowa sakafuni huvunda, kwa hiyo pembeni limetundikwa rimu la lori. Prudensia akiligonga, kila mtu huacha alichoshika na kukimbilia maturubai. Mwaka juzi wachezaji walikuwa mazoezini mbali, wasilisikie, na kahawa nyingi ikaharibika. Meneja, Bwana Rwezaura, hakupandisha hata sauti.

"Kahawa ikilowa tena kwa sababu ya mpira, hiyo timu basi."

Tangu siku hiyo Prudensia hakufaidi mechi hata moja. Jicho moja mpirani, jingine mawinguni.

Fainali ya mwaka huu ilichezwa kwenye uwanja ulio ng'ambo tu ya uzio wa kiwanda, dhidi ya mafundi gereji wa Rubwera. Maganda hawakuwa wamewahi kushika kombe. Asubuhi aliwakusanya wachezaji.

"Leo rimu likilia, ni la akina mama peke yao. Ninyi msilisikie. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mama," wakaitikia. Mutabazi, kipa, mpakiaji wa magunia mwenye viganja vipana, aliinama akifunga kamba za viatu.

Maganda walipata bao kipindi cha pili, na uwanja ukalipuka. Prudensia hakushangilia. Alikuwa amesimama ndani ya uzio, nyundo mkononi, akitazama wingu jeusi likipanda kutoka milima ya upande wa Rwanda. Mafundi wa Rubwera walikuwa wanashambulia kama wamechanganyikiwa. Mutabazi akapangua mkwaju mmoja, akapangua wa pili.

"Ngoja kidogo tu, wewe mvua," Prudensia alinong'ona. "Ngoja firimbi."

Mvua haikungoja. Upepo ulirusha vumbi, na tone la kwanza likamwangukia mkononi. Ng'ambo, Rwezaura alikuwa ameketi meza kuu karibu na kombe, akilitazama wingu lile lile. Prudensia akagonga.

Akina mama walikuja mbio kutoka kwa watazamaji, kanga zikiruka. Upepo ukawapokonya turubai la kwanza. Hapo ndipo alipogeuka na kumwona Mutabazi akiliacha goli, akipenya chini ya uzio, na nyuma yake timu nzima.

"Mama wee! Rudini!" alipiga kelele. "Rudini uwanjani, wapumbavu ninyi!"

Hakuna aliyegeuka. Walishika pembe za maturubai, wakalaza mawe juu yake, huku mvua ikiwachapa migongoni. Washambuliaji wa Rubwera walibaki mbele ya goli tupu, wakaona hata aibu kuupiga mpira. Mwamuzi alisubiri, akaita, akasubiri tena. Mwisho akapuliza: walioacha uwanja wamepoteza. Kombe likapanda gari la Rubwera.

Rwezaura alifika akiwa na mwavuli. Aliinua pembe ya turubai, akaingiza mkono, akazipapasa punje. Zilikuwa kavu. Alirudisha turubai, akaondoka.

Chini ya upenu wa ghala Prudensia alimshika Mutabazi kifuani kwa jezi.

"Nilikuambia usilisikie! Dakika chache tu, Mutabazi! Chache tu!"

"Tulilisikia, mama. Tulikubaliana jana, sote. Hatukukuambia kwa sababu ungekataa." Alikuwa anatweta. "Kombe lipo hata mwakani. Kahawa ingelowa, mwakani tungecheza wapi?"

Prudensia alimpiga ngumi ya bega, kisha akaegemea ukuta na kulia mbele yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walisimama wakitazama miguu yao. Alijifuta kwa kanga, akatazama uwanjani, na sauti yake ikarudi.

"Na mpira wangu mmeuacha kwenye mvua!"

Wakatoka mbio wote kuufuata.