Ndoo ya Mama na Bendi ya Koo Kavu

Fundi wa mapazia aliitwa Mpole, na jina lilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo hata wateja walilazimika kumsogelea wamsikie akitaja upana wa dirisha. Wake za watu walimtolea mfano kwa waume zao: mwanamume mstaarabu yule, hata nzi hajawahi kumfokea. Yeye aliinamisha kichwa, pini mdomoni, akaendelea kushona upindo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, ila mtaa mzima ulikuwa umeisahau methali hiyo.

Maana huyuhuyu Mpole, ujanani mwake, ndiye aliyekuwa mpiga mayowe wa Koo Kavu. Ilikuwa bendi ya watu watatu: yeye, mpiga gitaa ambaye baadaye alihamia ng'ambo, na rafiki yake wa chanda na pete, mpiga ngoma, ambaye siku hizi ni seremala. Walipiga skrimo. Asiyeujua muziki huo aambiwe hivi: gitaa hulia kama lililofiwa, ngoma hukimbia kama zinadaiwa, na mwimbaji haimbi kamwe, anapiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Watu husema bendi za namna hiyo ni za chini kwa chini. Hii ilikuwa chini kweli, kwenye ghala lililochimbwa chini ya duka la magodoro. Magodoro yalimeza kelele zote, na mwenye duka aliyekaa juu alidhani ni mashine ya kusaga ya jirani. Mashabiki walitosha kukaa kwenye magodoro mawili, tena kwa kujinyoosha.

Nyumbani, mama yake aliambiwa kijana yuko kwenye mafunzo ya kupiga chapa.

"Mbona sauti imekukauka hivyo?" aliuliza mama.

"Vumbi la karatasi, mama."

Mama alimtazama, akampa chai. Mama huyo si wa kudanganywa, ila ni mvumilivu.

Kisa kilianza ngoma ilipopasuka. Mpole alichukua ndoo ya mama yake, ndoo ya bati yenye mfuniko, ambayo mama aliinunua kabla hajaolewa na ambayo ndani ya nyumba ile ndicho chombo pekee alichokiita changu. Ikapinduliwa, ikapigwa, na ikatoa mlio uliowafanya wote watatu waangaliane. Rafiki yake akaipenda. Akaenda nayo kwake. Kila asubuhi mama aliuliza ndoo yake iko wapi, kila asubuhi Mpole akamwendea rafiki yake, na kila mara akajibiwa, "Kesho, ndugu yangu." Kesho ya mpiga ngoma haina tarehe.

Siku ya kurekodi, waliweka redio kaseti juu ya godoro, wakaanza. Katikati ya wimbo Mpole akasahau maneno. Akageuka, akaiona ndoo ya mama yake inavyopondwa, na hasira ikampanda. Akapiga yowe lililotoka kwenye nyayo: "Nirudishie ndoo yangu! Nirudishie ndoo yangu!" Mwenzake akadhani ni ubeti mpya. Akafurahi, akaongeza nguvu, mpaka kitako cha ndoo kikatoboka.

Waliyoambiana baada ya hapo hayaandikiki. Bendi ikafia hapohapo. Mpole alirudi nyumbani akamwambia mama ndoo imeibwa kisimani, na tangu siku ile hakupandisha sauti tena. Seremala akawa anatengeneza fimbo za mapazia, Mpole akawa anatuma wateja wake mbali kwa seremala mwingine, mbovu, ili mradi asimtaje huyu. Wakikutana barabarani, mmoja huvuka upande wa pili. Na kilichomuuma Mpole haikuwa ndoo. Alimkosa mwenzake. Kila alipofanya utundu wowote, hata wa kumfichia mteja miwani yake, alitafuta mtu wa kucheka naye na hakumwona.

Miaka ikapita. Siku moja mpwa wake, binti wa dada yake, aliingia kwenye karakana, chumba cha mbele nyumbani kwa mama, amevaa fulana nyeusi iliyoandikwa: NIRUDISHIE NDOTO YANGU.

"Mjomba, huijui? Koo Kavu! Kanda yao imeokotwa kwenye ghala la chini ya duka la magodoro, iko mtandaoni, vijana wote tunaisikiliza. Ni kilio cha kizazi kilichonyang'anywa ndoto. Halafu hakuna anayejua walikuwa akina nani."

Mpole alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Ni ndoo," akasema.

"Nini?"

"Si ndoto. Ndoo. Ya bibi yako."

Binti alikaa chini kwenye marundo ya vitambaa. Alipomaliza kucheka, alikuwa ameshajua kila kitu. Siri ya mjomba kwa mpwa ni maji kwenye pakacha. Jumamosi mchana vijana walikuwa na sherehe ya Koo Kavu katika ghala lilelile, na Mpole alitakiwa aje. Hakuambiwa kwamba seremala naye amealikwa. Hakuambiwa pia kwamba mama yake, aliyesikia neno "ndoo" kutoka chumba cha pili, ameshavaa viatu.

Ghala lilijaa fulana nyeusi. Vijana walipiga wimbo ule, wakafika pale, wakapaza sauti: "Nirudishie ndoto yangu!"

"Ndoo!" Mama alisimama mbele, fimbo juu. "Ni ndoo! Na siku zote nilijua haikuibwa kisimani!"

Muziki ukakatika. Na hapo mlangoni akasimama seremala, mvi kichwani, kitu kimefunikwa mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leta."

Akafunua. Ilikuwa ndoo ileile. Bati aliling'arisha, na kitako kilichotoboka alikitengeneza kama fundi wa kazi yake anavyojua: kwa mbao. Mbao nzuri, iliyokatwa mviringo, ikapigwa vanishi.

Mama aliigeuza, akaigonga. "Miaka yote hii ndiyo umeniwekea mbao? Nitachota nini kwa hii, njugu?"

"Niliona aibu kuirudisha imetoboka, mama. Halafu nikaona aibu kwamba nimeichelewesha."

Alisema akimtazama Mpole, si mama. Mpole akanyoosha kidole, akaigusa ile mbao.

"Haya," mama akasema, "na mfuniko wangu?"

Wanaume wawili wakaangaliana. 

"Nauliza mfuniko!" Kisha bibi yule akavuta pumzi na kupiga yowe lililotikisa taa za ghala: "Nirudishieni mfuniko wangu!" Vijana wakaruka juu kwa furaha, magitaa yakaingia, na ukumbi wote ukadai mfuniko. Ndipo watu walipojua sauti ya Koo Kavu ilirithiwa wapi.

"Tutautafuta sasa hivi, mama!" Mpole akasema, akamshika seremala mkono, wakapanda ngazi pamoja.

Juu, kati ya magodoro, seremala akamnong'oneza, "Ndugu yangu, mfuniko si tuliuuza mimi na wewe kwa mnunuzi wa vyuma, tukanunua nyuzi za gitaa?"

"Nyamaza," akasema Mpole, machozi yakimtoka na kicheko kikimbana mbavu. "Tembea polepole. Tunautafuta."