Mpangaji wa Tabata aliyechapa notisi yake mwenyewe

Saa mbili asubuhi. Umeme umerudi dakika kumi zilizopita na mashine ya kopi bado inapata moto. Ndani ya fremu ndogo ya duka huko Tabata, Tupokigwe ameketi nyuma ya kompyuta yake anasoma kwa sauti. Mbele yake amesimama Somoe, muuza juisi anayetaka kupanga chumba mtaa wa pili, pamoja na dalali aliyemleta.

"Kifungu cha nne. Mpangaji atachangia maji kwa..."

"Sista, we printi tu," dalali anamkatiza. "Mwenye nyumba ana haraka."

"Ana haraka ya kupokea hela au ya kusoma?"

Somoe anacheka mpaka anashika mdomo. Dalali anavuta benchi, anakaa. Tupokigwe anarudi kifungu cha nne, anakianza upya.

Kuchapiwa mkataba wa nyumba hapa ni shilingi elfu tatu. Kusomewa ni bure, ila ni lazima. Asiyetaka kusikiliza anaelekezwa duka lingine na kutakiwa siku njema.

Hakuanza hivyo. Tupokigwe ana miaka thelathini na minne, ametoka Rungwe akiwa msichana, na kwa miaka minane amelea binti yake, Margareta, kwa kazi hii ya kuchapa.

"Nilikuwaga nachapa tu," anasema. "Barua ya kuomba kazi, barua ya posa, mkataba, kwangu zote herufi. Vidole vinakwenda, kichwa kinawaza mboga ya jioni. Sikuwa nasoma hata mstari."

Kilichombadilisha kiliingia dukani Juni mwaka jana, kikiwa kimekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati la Mashaka, mpwa wa mwenye nyumba wake. Mashaka anaishi Temeke. Hakuwa akiwajua wapangaji wa mjomba wake kwa sura, wala hakuwahi kufika kwenye nyumba yenyewe.

"Nichapie hii, kopi nane," alisema. "Wapangaji wa mjomba wamezoea dezo, sasa wataisoma namba."

Tupokigwe akachapa. Notisi ya kupandisha kodi, kuanzia tarehe moja Julai. Vyumba vyote, kutoka shilingi elfu themanini kwa mwezi hadi laki moja na ishirini. Miezi sita ilipwe kwa mkupuo, na asiyeweza aondoke ndani ya siku kumi na nne. Akafika mstari wa mwisho: chumba namba tano na fremu ya mbele, fremu kutoka laki moja hadi laki moja na sitini.

Chumba namba tano ni chake. Fremu ya mbele ndiyo hii aliyokuwa ameketi ndani yake.

"Mbona umesimama, sista?" Mashaka akauliza.

"Nasoma mwandiko wako, braza."

Akamalizia. Akatoa kopi nane, akapokea hela yake, akamrudishia Mashaka chenji. "Kazi ni kazi," anasema leo, na anacheka. "Ila alivyotoka tu, nikafunga mlango. Nikakaa chini, hapo kwenye sakafu."

Alikuwa ameweka akiba ya shilingi milioni moja na elfu themanini, kodi ya nusu mwaka ya chumba na fremu. Sasa alihitaji laki sita zaidi ndani ya wiki mbili. Kukosa maana yake ni kupoteza pa kulala na pa kufanyia kazi siku hiyohiyo. Na kuna jambo lililomuuma kuliko hayo. Margareta alikuwa darasa la nne, na hiyo ilikuwa shule yake ya tatu. Kila kodi ilipopanda walihama, na kila walipohama mtoto alianza upya kutafuta rafiki wa kukaa naye dawati moja.

"Aliniambia, mama, hapa nimeshajua majina yao wote," anakumbuka. "Ningemwambia nini?"

Ndipo alipokumbuka kuwa mikataba ya nyumba ile aliichapa yeye. Desemba ya mwaka uliotangulia, Mzee Mwinjuma, mwenye nyumba, alimwomba atengeneze "karatasi ya kawaida" kwa wapangaji wote wanane. Tupokigwe aliazima mfano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akabadilisha majina, wote wakaweka sahihi. Faili lilikuwa bado kwenye kompyuta. Akalifungua na kulisoma, kwa mara ya kwanza.

Kifungu cha sita kilisema kodi haitabadilika mpaka mkataba uishe Desemba. Kikaongeza kuwa mabadiliko yoyote baada ya hapo yatatolewa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla.

Akatoa kopi saba za mkataba wake wenye sahihi, safari hii kwa gharama yake, akazipeleka mlango kwa mlango. Si wote waliofurahi. Elibariki, mpakiaji wa nyama machinjioni Vingunguti anayeishi chumba namba mbili, aliigeuza karatasi huku na huku.

"Mama Margareta, hii karatasi itazuia mtu asinitolee godoro nje?"

"Sijui. Ila sahihi ya mzee ipo."

"Haya. Mie nakuja, nikae nyuma yako. Akikufokea nitakohoa."

Siku tatu baadaye walikuwa ofisi ya serikali ya mtaa, wapangaji wanane upande mmoja, Mzee Mwinjuma upande wa pili na kofia yake juu ya goti. Tupokigwe alimwamkia shikamoo. Mzee aliitikia marahaba akiangalia dirishani.

"Nyumba nimejenga tofali moja moja kwa hela ya rangi," alisema mzee huyo, fundi rangi aliyestaafu. "Leo nipangiwe bei na wapangaji?"

Mwenyekiti wa mtaa hakumpinga. "Bei mnapatana wenyewe, mzee wangu. Ila mkishapatana kwenye karatasi, karatasi ndiyo inawashika wote mpaka iishe. Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliusoma?"

"Mwenyekiti, nani anasoma mkataba? Mkataba unawekwa sahihi."

Elibariki alikohoa. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Mzee Mwinjuma mwenyewe akashindwa kujizuia. Tupokigwe akasimama akasema alichokuwa hajapanga kukisema: "Mzee, hata mie niliyeuchapa sikuusoma."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli. Mzee akasema hajapandisha kodi kwa miaka minne, shimo la choo limejaa, saruji haishikiki, na yeye hana pensheni; vyumba hivyo ndiyo mshahara wake. Akakiri pia kwamba mara ya mwisho alipopandisha ghafla, vyumba vitatu vilikaa vitupu miezi mitano.

"Hela niliyoiwinda niliipoteza mara mbili," anasema sasa, akiwa kibarazani kwake. "Nikadhani ni mkosi tu."

Walikubaliana hivi: kodi ibaki ilivyo mpaka Desemba, kama ilivyoandikwa. Septemba mzee atoe taarifa. Januari kodi ya chumba ipande hadi elfu tisini na tano na ya fremu laki moja na ishirini, na shimo la choo livutwe kabla ya hapo. Likavutwa Novemba.

Januari hii, wapangaji wote wanane walilipa ndani ya wiki moja. Hakuna aliyehama. "Tangu nijenge nyumba hii sijawahi kuona," anasema Mzee Mwinjuma, na sauti yake ni ya mtu aliyeshinda na yeye. "Walikuwa na miezi mitatu ya kujiandaa. Na mie nilikuwa najua nitapata nini, nimeshaagiza na mabati."

Sasa ni yeye anayewaleta wenye nyumba wenzake kwenye fremu hii. Mwezi uliopita Tupokigwe alichapa mikataba arobaini na mmoja, akaisoma yote. Amenunua kompyuta ya pili, na anatafuta msichana wa kumfundisha kazi.

"Kuchapa nitamfundisha wiki moja," anasema. "Kusoma ndiyo nitakaa naye sana."

Saa tisa alasiri Mzee Mwinjuma anaingia dukani. Leo kuna mkataba mwingine wa kusoma, wa chumba namba tano na fremu ya mbele. Kodi ya mwaka wa kwanza imeandikwa, na ya mwaka wa pili na wa tatu pia, kila moja na kiasi kitakachoongezeka. Tupokigwe anausoma wote. Mzee anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza kwa nini miaka mitatu, kwani mtu kwa kawaida huomba mmoja, akizidi sana miwili.

"Margareta yuko darasa la tano, mzee wangu. Nataka mtihani wa darasa la saba aufanyie shule hii."

Mzee Mwinjuma anahesabu kwa vidole: la tano, la sita, la saba. Anavuta kalamu.