Viti vya Waliobisha Hodi

Leo asubuhi nilitoka nyumbani bila mpango, kama kawaida yangu. Wasomaji wa safu hii wananijua: nikikaa mahali pamoja siku tatu, miguu inaniwasha. Nilikuwa nimefika Musaga, nimesimama kunywa chai, simu ikalia. Alikuwa dada wa fundi mmoja wa kompyuta wa Kamenge, mtu niliyefanya naye kazi zamani. "Kaka yetu ametuacha alfajiri," akasema. "Ni moyo." Kabla sijapata neno la kumpa pole, akaendelea: "Kesho tunachapa karatasi ya ibada. Ile habari ya seva, we ndiye ulikuwa naye. Alikuwa anasema muliigundua wawili. Utuandikie, tuisome mbele ya watu. Na ukuye, tumekuwekea kiti pamoja na familia." Nikamwambia nakuja. Kamenge iko kaskazini mwa mji uleule. Lori lililokuwa limeshusha viazi sokoni lilikuwa linarudi kusini, milimani, nami nikalipanda.

Niseme wazi: nilimwonea wivu mtu yule akiwa hai, na leo nimemwonea wivu amekufa. Sote wawili tuliacha shule mapema, na hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa na diploma ukutani, ningemwachia sifa zake nikalala usingizi. Lakini alijifunza kama mimi, kwa kufungua vitu vya watu na kuuliza maswali. Tofauti ni kwamba yeye alibaki palepale mpaka jibu lipatikane.

Tulikuwa kwa mfanyabiashara mmoja wa dawa za jumla mjini. Matawi yake ya mikoani yaliingia kwenye seva ya mjini kutoka mbali, kila tawi na neno lake la siri, kuangalia dawa gani zimebaki na ziko wapi. Kwa miaka seva haikusumbua. Umeme ulikatika karibu kila siku, seva ikazimika, umeme ukarudi, ikaanza upya. Bosi akachoka na giza, akanunua paneli za jua na betri. Mimi ndiye niliyezipandisha juu ya paa, tukanywa Fanta kusherehekea. Siku chache baadaye seva ikaganda, matawi yakabaki nje. Mfamasia wa tawi moja akapiga simu karibu analia: ana mgonjwa wa kisukari mbele yake na hajui insulini imebaki wapi. Tukaizima, tukaiwasha, ikakubali. Siku chache tena, ikaganda.

"Betri mulileta ni za bandia!" bosi akafoka. Nikapanda paa, nikashuka, nikapanda tena, nyaya mkononi, ofisi nzima inanitazama kwa heshima. Mwenzangu alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda na daftari la shule, kila saa akiandika memori ya seva iliyobaki.

"We muzee, uko kazini ao uko kwenye mutihani?" nikamtania.

"Betri haina kosa," akajibu bila kuinua kichwa. "Memori inapungua hata kama hakuna mutu ndani. Kuna wanaogonga tu, hawaingii."

"Basi ni kama wageni wa kwetu. Anabisha hodi, unamutolea kiti, kugeuka, ameshaenda."

Kalamu ikasimama. "Na kiti?"

"Kiti gani?"

"Nani anakirudisha ndani?"

Hakuna aliyekirudisha. Programu ile ya kuingilia kutoka mbali ilimtengea kila aliyegonga kipande cha memori, na aliyeondoka kabla ya kutaja neno la siri, kipande chake hakikuachiliwa. Laini mbovu ya tawi moja ilikuwa ikigonga na kukatika mchana kutwa. Kibaya zaidi, mtu mwovu asiye na neno la siri lolote angeweza kugonga na kuondoka, kugonga na kuondoka, mpaka nyumba ijae viti na mwenyewe akose pa kupita. Sisi tulikuwa tunalaani giza, kumbe ndilo lililoizima seva na kutusafishia nyumba kila siku.

Alirudia majaribio kwa majuma mawili, kisha akawaandikia watengenezaji wa programu. "Tuweke majina mawili?" akaniuliza. "Apana, weka lako," nikamjibu. "Mi na makaratasi hatupatani." Nilidhani hawatajibu. Walijibu, wakaziba tundu, na kwenye tangazo la marekebisho wakamshukuru kwa jina. Nilisoma mstari ule mara nne nikitafuta jina langu. Tangu hapo nimesimulia kisa hiki kila nilikopita, na sehemu yangu imekuwa ikinenepa. Kuna miji ambako daftari lile ni langu.

Mjini kwetu tunampenda aliye juu ya paa. Anaonekana, anatoka jasho, anapiga kelele. Aliyeketi na daftari tunamwuliza ataanza kazi lini. Na kitu kikishakubali kuwaka tena, nani anauliza kwa nini kilizimika? Mimi nimeishi hivyo: mahali pakinichosha, nazima, nawasha kwingine.

Lori limenishusha alasiri kwenye kituo kidogo chenye baridi, ambako sikuwahi kufika. Mama mmoja ana vyumba nyuma ya duka lake la maziwa. Ameutazama uso wangu.

"Unatoka kwa musiba?"

"Apana, mama. Ninaenda."

"Musiba iko wapi?"

"Kamenge."

Amecheka mpaka ameshika mlango. "Kamenge iko kule umetoka, baba! Umekimbia musiba!"

Amenipa chumba, blanketi mbili na kikombe cha maziwa ya moto. Nimeketi kitandani, nikaandika: "Tuligundua sisi wawili." Marehemu mwenyewe alishanipa nusu hiyo, nani angebisha? Nimeitazama, nikaifuta. Nimeandika: "Aligundua yeye. Mimi nilikuwa juu ya paa, nikitafuta kosa kwenye betri. Nilifanya mzaha kuhusu kiti. Yeye ndiye aliyeuliza nani anakirudisha." Nikatuma.

Dada amejibu: "Asante. Kiti chako bado kiko."

Wivu haujaisha, msinisifu. Nimejifunza tu kwamba kumpa mtu haki yake ni kukiri kwamba ulikuwa palepale, macho wazi, na hukuona. Nimemwuliza mama gari la kwanza la kuteremka mjini linapita saa ngapi. Amesema saa kumi na mbili, na kwamba ataniamsha mwenyewe, nisije nikapotea tena.