Kura Moja ya Argyris

Asimina alikuwa na miaka hamsini na nane, magoti mabovu, na ulimi uliomnyamazisha hata padri. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee wa kijiji chetu majumbani: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwakata kucha, kuwasikiliza wakiwasema wakwe zao walioko Ujerumani. Halmashauri ilimwajiri kwa mkataba wa miezi minane minane, na kila mkataba ulipokaribia kwisha alianza kukonda. Alibakiza miaka miwili tu ya kuchangia bima apate pensheni. Nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja wenye mzabibu, nami namjua tangu tukiwa wasichana.

Mwaka ule uchaguzi wa bunge uliangukia Juni, na mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe thelathini ya mwezi huo huo. Kama hilo halitoshi, mdogo wake Argyris, mwalimu anayeishi na kupigia kura mjini, akajitosa kugombea. Tena kwa chama kidogo ambacho hapa kwetu hakijawahi kupata hata kura moja.

Ijumaa, Bwana Periklis Dramalis, naibu meya, alimjia na boksi la keki. Mimi nilikuwa nimekwenda kuazima sufuria. Dramalis hapayuki kamwe. Upole wake ndio unaotisha.

"Dada Asimina, wazee wanakusifu mno. Tukikukosa itakuwa dhambi."

"Asante, Bwana Periklis."

"Jumapili utatuonyesha moyo wako, eti? Ile karatasi yetu itie kwenye bahasha. Zilizobaki usizitupe. Niletee mimi."

"Hata ya Argyris?"

"Hiyo ndiyo nitakayoitafuta kwanza."

Kwetu kila chama kina karatasi yake yenye majina ya wagombea. Unaingia nazo zote nyuma ya pazia, unachagua moja, unaweka alama ya msalaba kando ya jina la mtu wako, unaitia kwenye bahasha, nyingine unatupa kwenye pipa. Anayetoka na karatasi zote isipokuwa ya Dramalis ameshaeleza alikopiga kura bila kufungua mdomo.

Mimi hakuniambia kitu. Baba yangu alikuwa mtu wao, marehemu mume wangu alikuwa mtu wao, na mwanangu anaendesha gari la maji la halmashauri. Machoni pa Dramalis mimi ni kama kiti cha sebuleni.

Alipoondoka, Asimina alilisukuma lile boksi pembeni bila kulifungua.

"Mama alipofariki, Argyris nimemlea mimi," alisema. "Kamasi zake nimefuta mimi. Leo nimpe sifuri kwa mkono wangu huu?"

"Mdanganye tu huyo shetani."

"Nimdanganye vipi, Evanthia? Wapiga kura tuko themanini na tatu. Ikitoka moja ya Argyris, watasema kapiga nani? Mbuzi?"

Jumapili nilikuwa kwenye foleni ya kura alipotoka shuleni, kituoni petu, mkoba kaukumbatia kifuani. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la Dramalis. Yule bwana akazipitia karatasi moja moja, akatabasamu, akampigapiga begani. Asimina akapita mbele yangu bila salamu, macho chini. Sijapata kumwona hivyo, hata siku aliyomzika mumewe.

Nikaingia nyuma ya pazia damu ikinichemka. Nikasema, Argyris hatapewa sifuri kijijini kwa mama yake, nikiwa hai. Nikachukua karatasi yake, nikaweka msalaba, nikafunga bahasha. Nilifanya kwa ajili ya Asimina, naapa. Mbele sikuwaza hata hatua moja.

Jioni tulijazana darasani kusikiliza hesabu. Msimamizi, wakili mmoja msichana kutoka mjini, alikuwa akifungua bahasha na kusoma kwa sauti. Chama cha Dramalis, chama cha Dramalis, kile kingine kikubwa, cha Dramalis tena. Halafu akakitaja chama kidogo, msalaba mmoja, Argyris Tsoumanis.

Darasa zima likageuka. Halikunigeukia mimi.

"Si mimi!" Asimina alisema. "Bwana Periklis, karatasi si nilikuletea? Si uliziona?"

"Niliziona, dada. Lakini wiki iliyopita chama chake kilitutumia karatasi kama hiyo kila nyumba, kwa posta. Ya ziada ulikuwa nayo."

"Namwapia Bikira Maria!"

"Usimsumbue Bikira," alisema Dramalis, polepole kabisa.

Neno moja tu lilitakiwa kutoka kinywani mwangu. Nikamfikiria mwanangu na gari la maji, nikamfikiria mkewe, mimba ya miezi saba. Nikaangalia viatu vyangu.

Tarehe thelathini ilipita, hakuna aliyemwita Asimina kutia saini. Jumatatu shemeji yake Dramalis akaonekana akigonga milango ya wazee na ndoo mkononi. Wiki hiyo hiyo mzee Zikos, aliyeogeshwa na Asimina miaka sita na ambaye Jumapili ile naye alipiga kura, akafariki.

Siku chache baada ya mazishi Asimina alikuja mlangoni kwangu, simu mkononi, macho mekundu.

"Argyris kapiga. Kashindwa vibaya, lakini analia kwa furaha. Ati, 'Dada, ile kura moja ya nyumbani imenitosha. Nilijua ni wewe.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Ningesemaje? Kazi sina, na ndugu yangu ananishukuru kwa kitu nilichomnyima." Akakaa kwenye ngazi. "Huyo aliyeipiga nikimjua, nitambusu mkono kwanza, halafu nimng'oe macho. We unamdhania nani?"

Alikuwa ananitazama usoni, akingoja, na hapakuwa na mtu mwingine pale uani.

"Mzee Zikos," nilisema. Maiti hafukuzwi kazi.

Asimina akajipiga ishara ya msalaba, akaniomba kiberiti, akaenda kumwashia mshumaa.