Tangazo la Kuwapima Mameneja

Okal aliingia kikaoni amekunja mkono wa shati mpaka begani.

Akakaa. Akageuza uso dirishani, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Chomeni haraka," akasema. "Sindano siipendi."

Na kile kilikuwa kikao cha uzalishaji wa mabeseni.

Hakukuwa na daktari mle ndani. Kulikuwa na bosi, mtunza stoo, chupa ya chai, na mimi. Na mimi peke yangu ndiye niliyejua mkono ule umefikaje pale mezani.

Acha nieleze.

Naitwa Machibya. Shule niliishia darasa la tano, na sioni aibu kusema. Kiwanda chetu kiko Igoma, tunatengeneza mabeseni ya plastiki, haya ya kufulia na kubebea dagaa. Nilianza pale kwa kubeba magunia, mpaka nikaitwa meneja.

Usitishike na cheo. Ofisi yangu ilikuwa stuli nyuma ya mashine namba moja.

Mashine namba mbili ilikuwa ya Okal, meneja mwenzangu. Kijana wa Rorya, mrefu, ana cheti cha ufundi. Tatizo lake lilikuwa bia. Siyo mlevi wa kuanguka mitaroni, ni mlevi wa kuchelewa. Saa moja na nusu ndiyo anaingia, macho mekundu, anakwambia, "Kaka Machibya, leo ongea polepole, kichwa siyo changu."

Mzee Muharami, mwenye kiwanda, alikuwa na swali moja tu kwetu.

"Mambo yanaendaje?"

"Tunajitahidi, mzee."

Anaridhika, anaondoka. Miaka kumi na moja tuliendesha kiwanda hivyo.

Halafu mzee akapumzika kazi, akaingia binti yake, Safia. Wiki ya kwanza tu akaniita.

"Mzee Machibya, katika kila mabeseni mia, mashine yako inatoa mabovu mangapi?"

"Machache, bosi."

"Machache ni mangapi?"

"Siyo mengi."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekuuzia sangara wa jana. Kumbe alishahesabu mwenyewe. Kumi na manne katika kila mia, mashine zote mbili. Mengine yana matundu, mengine mdomo umepinda kama yamepigwa kofi.

"Sikiliza," akasema. "Kuanzia tarehe moja, kila meneja ana lengo, na lengo lina namba na tarehe. Mabovu yasizidi matano katika kila mia. Nawapa mwezi mmoja. Atakayezidisha anarudi kwenye magunia. Atakayefanya vizuri zaidi anakuwa mkuu wa uzalishaji, anamsimamia mwenzake."

Mgongo wangu una miaka hamsini na moja. Gunia la punje za plastiki lina kilo ishirini na tano. Nikaelewa vizuri sana.

"Okal yuko wapi?"

"Msibani, Shirati."

"Basi andika tangazo wewe. Kiswahili chepesi. Libandike, na Okal akirudi umweleze."

Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito:

KUANZIA TAREHE MOJA MAMENEJA WOTE WATAPIMWA. ATAKAYEZIDI TANO ATAONDOLEWA KWENYE NAFASI YAKE. MATOKEO YATABANDIKWA HAPA MWISHO WA MWEZI.

Kwangu mimi lilikuwa limenyooka kabisa.

Kufika chai ya saa nne, kiwanda kizima kimekuwa madaktari.

"Hiyo ni sukari," alisema Nkwabi, anayekata kingo za mabeseni. "Shemeji yangu alipimwa, ikazidi tano, mpaka leo soda anaiona kwa macho."

"Sukari ya wapi? Ni pombe. Unapuliza kidude kama cha trafiki."

Mama mmoja wa kufungasha akatikisa kichwa. "Mnajifariji. Wanapima damu hao. Na matokeo ubaoni, jamani, hata aibu hawana."

Wakanigeukia wote. Yule mama akanisogezea kitumbua chake, kwa huruma kabisa.

Ningeweza kusema: ni mabeseni. Maneno mawili tu. Lakini kitumbua kilikuwa cha moto, nikakausha.

Okal akarudi Jumatatu. Alilisoma lile tangazo mara tatu, akaja moja kwa moja kwenye stuli yangu.

"Shikamoo, kaka."

Okal hajawahi kuniamkia tangu tufahamiane.

"Marahaba."

"Hii ya kupimwa. Wanapima nini?"

Sasa hapo sikilizeni. Niliagizwa nimweleze, na mdomo ulishafunguka. Halafu nikaona gunia la kilo ishirini na tano likihama kwenye mgongo wangu na kukaa kwenye wake. Lilimkaa vizuri. Yeye ni kijana.

"Si umesoma?" nikamwambia.

"Nimesoma. Tano ni nini?"

"Tano ni tano, bwana. Wewe si una cheti?"

Akasogea karibu. "Ni ya pombe?"

"Mimi sijasema pombe. Umesema wewe."

"Kwani inakaa siku ngapi kwenye damu?"

"Unamuuliza darasa la tano mambo ya damu?"

Akaondoka ameinamisha kichwa. Mimi nikajiambia sijadanganya hata neno moja. Nilikuwa na hesabu zangu. Mtu asiyejua anapimwa nini atashindwa tu. Yeye ahangaike na damu, mabeseni yatamwangusha.

Nikahamia kwenye lengo langu.

Siku tatu za kwanza niliwafokea vijana wa mashine. Mabovu yakabaki kumi na manne. Nikafoka zaidi, yakawa kumi na matano.

Siku ya nne nikapata dawa.

Nyuma ya kiwanda kuna mashine ya kusaga plastiki mbovu iyeyushwe tena. Mastura, mtunza stoo, anakuja kuhesabu saa kumi jioni. Saa tisa na nusu mimi nachukua mabovu yangu mengi, nayapeleka nyuma, yanasagwa. Namwachia machache ya kuhesabu, ili yasionekane yamekwisha kimiujiza.

Beseni lililosagwa halitoi ushahidi.

Katikati ya mwezi namba yangu ilikuwa tatu. Nyumbani nikamwambia mke wangu, Paskazia, aanze kuzoea kuniita Mkuu.

"Sawa, Mkuu," akasema. "Mtungi wa gesi umeisha, Mkuu. Beba."

Upande wa pili, Okal alikuwa kituko. Bia aliacha siku ile ile. Akawa anakunywa maji ya ndimu mpaka midomo ikapauka. Anatoka Mabatini kwa miguu mpaka Igoma, anasema anatoa sumu kwa jasho. Saa kumi na mbili asubuhi kashafika, hakuna mtu, hana cha kufanya. Kichwa hakimuumi, kwa hiyo anawasha mashine yake, anakaa anaitazama.

Mtu akikaa anatazama mashine wiki mbili, anaona vitu.

"Kaka," akaniambia siku moja, "unajua kwa nini mabeseni ya asubuhi yanaharibika? Tunawasha saa moja na kuanza saa moja. Mashine bado ya baridi. Mimi naiwasha mapema, ikifika saa moja imeshapata moto."

"Ahaa."

"Na magunia tunayaacha wazi, yananyonya unyevu. Yale matundu ndiyo hayo. Nimeanza kuyafunika. Na wewe jaribu."

Alinipa bure kabisa, kiroho safi.

"Acha mambo ya magunia," nikamjibu. "Angalia afya yako."

Ndiyo ikafika siku ya kikao, na mkono ule juu ya meza.

Safia akamtazama. "Okal, unaumwa?"

"Niko tayari, bosi. Siku ishirini na nane sijagusa hata chupa moja. Pimeni."

Chai ikamtoka Mastura puani. Safia hakucheka. Alinigeukia taratibu.

"Mzee Machibya. Si nilikwambia umweleze?"

"Tangazo lilikuwa wazi, bosi."

Akamweleza yeye mwenyewe: mabeseni, mabovu, matano katika kila mia. Okal akateremsha mkono wa shati pole pole, mkunjo mmoja mmoja, huku ananiangalia. Mimi nilikuwa naangalia kikombe changu. Kilikuwa kikombe kizuri.

"Basi tusome," Safia akasema. "Mashine namba mbili, mabovu manne katika kila mia. Mashine namba moja, matatu."

Matatu. Nikajinyoosha kwenye kiti. Nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji kijana.

"Bosi," Mastura akasema, "kuna kitu."

Akafungua daftari lake. Kumbe kila mashine ina kidude pembeni, ikifunga na kufungua kutoa beseni kinasogeza namba moja. Miaka yote nilidhani ni saa mbovu.

"Alhamisi, mashine ya Okal ilifunguka mara elfu moja. Nikapokea mabeseni elfu moja, mazuri na mabovu. Mashine ya mzee Machibya nayo ilifunguka mara elfu moja. Nikapokea mia nane themanini."

"Mia na ishirini yako wapi?" Safia akaniuliza.

"Yamesagwa, bosi."

"Na nani?"

"Na mashine ya kusaga."

"Inajiwasha yenyewe?"

Safia akapiga hesabu pale pale: ukirudisha yaliyosagwa, mabovu yangu ni kumi na matano katika kila mia. Mabaya kuliko tulipoanzia.

Jioni ile tangazo langu lilibanduliwa, likabandikwa lingine. Okal, mkuu wa uzalishaji. Machibya, magunia.

Jumatatu nilibeba. Jumanne nilibeba huku nasikia kila mfupa ukijitambulisha kwa jina. Jumatano, saa ya kutoka, nikamwona Okal getini na mkewe, Adoyo. Mwanamke kashika sato wakubwa wawili, wamefungwa kwa kamba.

Nikajua leo ndiyo leo. Wamekuja kunitukana mbele ya watu.

Adoyo akapiga goti.

"Shikamoo, shemeji. Miaka sita namwombea huyu mtu aache pombe. Kanisani nimemwandikisha, wazazi wamemsema, hakuna. Wewe umemwachisha kwa karatasi moja. Mungu akupe maisha marefu."

Nikamtazama Okal. Kasimama nyuma ya mkewe, anajua kila kitu, na hakumwambia.

"Pokea, kaka," akasema. "Na kesho nisaidie kufunika yale magunia."

Nikapokea. Ningefanyaje?

Nyumbani Paskazia aliwapika, tukala mpaka vichwa. Akauliza samaki ni wa nini. Nikamwambia ni wa shukrani.

"Kwani umemfanyia nini mtu?"

Mpaka leo sijamjibu.

Sasa wewe mwenye watu chini yako, nakwambia bila kuremba. Meneja mpe namba na umpe tarehe, bosi wangu hakukosea hapo. Lakini usiishie kusoma karatasi. Mimi niliijua namba, nikaifukuza mpaka nikaipata, na kiwanda hakikupata kitu. Mwenzangu hata hakujua namba ni ya nini, akakaa akaitazama mashine yake.

Nenda kaone namba ameifikiaje. Huko ndiko watu kama mimi tunakokamatwa.