Saa Sitini za Mtarajiwa

"Mwakani siku kama ya leo mimi sitakuwa tena mtu wa mafaili! Nitakuwa chuoni nasomea udaktari, na faili langu mtalitafuta ninyi!"

Maneno hayo aliyatoa mwenyewe, kwa mdomo wake, maikrofoni mkononi, kwenye sherehe ya kumuaga matroni wa hospitali. Hakuna aliyemtuma. Ratiba ilisema "neno fupi kutoka chumba cha kumbukumbu", maana yake shukuru ukae. Yeye akashukuru, akaona bado ana pumzi, akajichongea. Watu walipiga makofi, wengine walipiga meza. Kesho yake asubuhi, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, hakuna aliyelikumbuka jina lake la cheti. Akawa Mtarajiwa.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kumi kati ya hiyo ilikuwa imeishia katika chumba kile cha kumbukumbu: kirefu kama behewa, dirisha moja la kuhudumia wagonjwa, rafu kumi na nane zimejaa mafaili ya kahawia, na harufu ya karatasi zilizowahi kulowa. Mle ndani alitawala. Ukimtajia namba ya kadi, faili unalo kabla hujamaliza kupiga chafya. Na alikuwa na amri moja tu: karatasi haitembei peke yake. Kila karatasi aliyoikuta imelegea ndani ya faili, iwe majibu ya mkojo, iwe barua ya rufaa, aliitia kwenye mashine yake ya chuma, kacha, matundu mawili, akaifunga na uzi, akachukua faili jingine. Karatasi mia mbili kwa siku. Mikono yake ilikuwa haimuulizi tena.

Dirishani napo hakuwa na masihara.

"Kadi imechanika. Kakate nyingine."

"Imechanika pembeni tu, dada yangu. Namba si inaonekana?"

"Inaonekana, na imechanika. Anayefuata!"

Sasa, chuo alichokitaka kilikuwa na masharti yake. Vyeti, sawa. Mtihani wa kujiunga, sawa. Kemia aliisoma upya kwa daftari la mpwa wake, lililojaa michoro ya magari. Lakini kulikuwa na fomu. Mwombaji alitakiwa akae saa sitini katika idara tatu za hospitali, saa ishirini kila idara, aione kazi kwa macho yake kabla ya kusema anaitaka. Mkuu wa kila idara aweke sahihi na muhuri. Fomu moja kwa mwombaji mmoja, ina namba yake, na chini imeandikwa kwa herufi nene: iwe halisi, isiwe na kasoro.

Saa zenyewe alizipata kwa kujipunja. Kila siku alikatiza chakula cha mchana, na Jumamosi akaja bila malipo.

Kwenye chumba cha dawa, katika saa ishirini zile mfamasia alimwambia sentensi nne, na tatu zilikuwa "Usiguse." Maabara ilikuwa kinyume. Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa kueleza, na kitu alichopenda kukieleza kuliko vyote kilikuwa kinyesi. Mtarajiwa alirudi kazini akiwa ameerevuka, na hamu ya kula hana.

Ndipo akaingia idara ya mazoezi ya viungo, ya tatu na ya mwisho, aliyoichagua kwa sababu tu ilikuwa karibu na ofisi yake. Mkuu wa idara alikuwa mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, wagonjwa wakimwita Kocha. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyepata kiharusi, mkono wa kulia umelala kama wa kuazima. Kocha hakumpa vyuma wala mipira. Alimpa shati.

"Funga kifungo."

"Kocha, huu mkono haunisikii."

"Usiuombe, uamrishe. Nyumbani huwa unaongea na mkeo hivyohivyo?"

"Nyumbani ndiyo siongei kabisa."

Siku ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Siku ya sita kifungo kimoja kikaingia kwenye tundu lake. Yule fundi alikitazama, akacheka peke yake, kisha akakifungua ili akifunge tena. Mtarajiwa alikuwa amesimama ukutani na daftari lake, ameacha kuandika. Miaka kumi alikuwa amewabeba watu hawa mikononi wakiwa karatasi. Hakuwahi kumwona hata mmoja akipona.

Jioni hiyo alimpigia mama yake. Udaktari basi; chuo ni kilekile, ila anasomea viungo.

"Kukanda?" mama akauliza.

"Si kukanda, mama. Ni kuwarudishia watu mikono yao."

"Bibi yako mzaa baba alikanda mtaa mzima na chuo hakukijua. Sasa watu niwaambieje? Mimi nilishawatangazia daktari."

"Waambie nimebadili."

"Waambie wewe. Si una maikrofoni?"

Saa ya sitini iliisha Jumatano. Kocha alikuwa na haraka, jioni ile anapanda ndege kwenda kozi ya miezi minne. Akaitia fomu sahihi juu ya rundo la mafaili ya siku hiyo, akagonga muhuri, akaupuliza ukauke.

"Haya, Mtarajiwa, umeiva. Nenda, usinitie aibu."

Mafaili yalikuwa hamsini na matatu, yote ya kurudisha. Mikono imejaa, mkoba uko ofisini, Mtarajiwa akaichomeka fomu ndani ya faili moja isije ikajikunja. Wazo zuri kabisa. Alipofika ofisini simu inalia, foleni dirishani inanung'unika, mtoto wa mtu anapiga kelele. Akakaa, akaanza kushughulikia lile rundo kama alivyoshughulikia marundo yote ya miaka kumi.

Alhamisi saa sita mchana alifungua mkoba aweke vyeti kwenye bahasha. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Vyeti vipo. Picha zipo. Fomu haipo.

Aliupekua mkoba, droo, kapu la takataka. Mwenzake wa ofisini, mzee aliyekuwa akibandika mafaili yaliyochanika, na ambaye kila mtu alimwita Gundi, alimtazama kutoka kwenye kigoda chake bila kujisumbua kusimama.

"Mara ya mwisho uliiweka wapi?"

"Ndani ya faili. Nilitoka nayo kwa Kocha ikiwa ndani ya faili."

"Imefungwa?"

"Imelegea tu."

Gundi akaacha brashi yake. "Na wewe karatasi iliyolegea ndani ya faili huwa unaifanyaje?"

Mtarajiwa akageuza shingo polepole. Mashine ilikuwa palepale mezani, mdomo wazi. Akakaa chini kwenye sakafu na sare yake safi.

"Si ulisema faili lako tutalitafuta sisi?" Gundi akajiinua kwa kuguna, na yeye hakuwa mtu wa kuinuka kabla ya chai. "Haya. Nimeshasimama, nitajie namba."

Namba zenyewe ndizo shida. Yeye aliyejua kila namba hakujua ni lipi kati ya hamsini na matatu. Waliyashusha moja moja, wakafungua, wakapekua, huku dirishani watu wakigonga kioo na kuuliza kama hospitali imehama. Hadi kazi inakwisha walikuwa wamepitia hamsini. Matatu yalikuwa nje. Moja kliniki ya meno, halikuwa na kitu. Jingine wodini, halikuwa na kitu. La tatu lilikuwa la yule fundi cherehani, nalo lilikuwa limefungiwa ofisi ya bima, na ofisi ya bima hufunguliwa asubuhi.

Ijumaa saa mbili alikuwa mlangoni kwao. Fomu ilikuwemo, katikati ya picha ya eksirei na ripoti ya kifungo. Imefungwa kwa uzi, imenyooka, kazi safi isiyo na dosari. Tundu la kwanza lilipita kwenye namba ya fomu. La pili lilipita katikati ya muhuri wa Kocha.

Akaifungua uzi, akailaza kwenye bahasha, akaenda chuoni.

Dirisha la kupokea fomu lilikuwa na binti mmoja mwenye rula na miwani. Alivikagua vyeti, akavipanga. Akaishika fomu, akainyanyua dhidi ya mwanga. Kupitia lile tundu, jicho lake likamtazama Mtarajiwa.

"Muhuri una tundu."

"Ni la mashine, mdogo wangu. Ya kutobolea tu."

"Nalijua. Mashine ninayo."

"Sahihi si inaonekana? Na tarehe."

"Inaonekana, na imetobolewa. Namba nayo haisomeki."

"Saa sitini hizo. Nimekaa saa sitini! Mkuu wa idara yuko kozi, mpigie simu basi, namba yake hii hapa."

"Simu haina muhuri, dada."

Mtarajiwa alifungua mdomo amwambie ana roho mbaya, kwamba kuna watu hupewa dirisha wakadhani wamepewa nchi. Maneno yalikuwa tayari. Alishawahi kuambiwa yote, neno kwa neno, na alikuwa hajawahi kugeuka kuyasikiliza. Nyuma yake mtu akakohoa kwa kukosa subira.

"Mwaka mwingine ni lini?" akauliza.

"Mwezi wa tatu. Saa zinaanza upya, fomu mpya."

"Fomu shilingi ngapi?"

Binti alikuwa ameshanyoosha mkono kwa anayefuata.

"Elfu thelathini na tano."