Siku Tulipompelekea Seneta Mursik

Sababu ya safari ilikuwa Chepkoech, binti wa Anti Selina, na Anti Selina ni dada mdogo wa baba yangu. Wakati huo, Machi mwaka wa tisini na nane, Chepkoech alikuwa bado Kericho akingoja viza ya kumfuata mama yake huku Marekani. Karatasi zake zilikuwa zimekwama mahali, na hakuna aliyejua ni wapi. Mwisho wa Aprili angetimiza miaka ishirini na mmoja, na siku hiyo faili lake lingetolewa kwenye foleni ya watoto na kutupwa kwenye foleni ya watu wazima, ambayo watu huiingia na nywele nyeusi na kuitoka na mvi. Anti hakuwa amemwona kwa miaka saba.

Aliyeleta wazo la seneta ni Mzee Suleiman, Mzanzibari mwenye teksi, jirani yangu kule Alexandria, mji ulio kando ya Washington. Mimi kazi yangu ilikuwa kupaki magari ya wageni wa hoteli. Nilimwambia nimesikia kwamba hapa mbunge wako anaweza kukuulizia faili. Alinicheka. "Sasa wewe utakwenda kwa mbunge wa juzi, na wakubwa wapo?" Akanipa kijitabu ambacho abiria alikisahau kwenye kiti cha nyuma. Jaladani alikuwa mzee mwenye kichwa cheupe kama pamba, seneta wa jimbo moja la kusini, miaka thelathini na minane kwenye kiti kilekile. "Huyu ndiye baba lao," akasema. "Huyu akikohoa tu, ubalozi wa Nairobi unasikia."

Nilimwamini. Niliishia kidato cha pili, lakini ndoto yangu ilikuwa siku moja niwe mbunge wa kwetu, na hata sahihi yangu ya bungeni nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi. Kwa hiyo nilijua taratibu. Kwa mheshimiwa hamwendi mikono mitupu wala midomo mitupu. Mnakwenda ujumbe mzima, na zawadi, na mmoja wenu anasimama kumhesabia kazi zake mpaka moyo ulainike, ndipo mnataja shida.

Basi nikakisoma kijitabu nikitafuta sifa. Alizaliwa na muuza mbegu. Alisoma kwa taa ya mafuta, kama wakubwa wote wanavyosemaga. Akawa wakili, akaingia bunge la jimbo lake, kisha Seneti, na humo hakutoka tena. Barabara tatu zina jina lake, daraja moja, bwawa moja, na mizani ya kupimia malori. Hata kwetu, ambako waheshimiwa hawana haya, sijaona mtu aliyeipa mizani jina lake. Lakini siku ile niliona ni ukuu. Nikakariri yote, mpaka mizani. Kurasa zisizokuwa na picha nilizipita.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Alexandria kwa basi, nikaingia treni, nikabadilisha mjini. Saa mbili nilikuwa Wheaton, anakokaa Anti, ambako ngazi za umeme za stesheni ni ndefu hivi kwamba unaweza kusali sala yote kabla hujafika juu. Anti alikuwa ameomba ruhusa kule anakoogesha wazee. Alivaa suti ya kanisani na kukumbatia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, aliyoyalaza siku tano na kuyatia masizi ya mkaa kama inavyotakiwa. Mursik hapewi mtu hivi hivi. Hupewa mtu unayemheshimu.

"Kiprono, sema polepole," aliniambia ndani ya treni. "Ukikimbiza maneno ataona tuna njaa."

Saa nne tulikuwa kwenye jengo la maseneta, marmari kila upande na milango mirefu kana kwamba humo wanapita twiga. Askari wa mlangoni, mwanamume Mweusi mwenye mabega mapana, alifungua kibuyu, akanusa, akaona masizi, akamwita mwenzake. Walinusa wote wawili. Akasema hakipiti. Anti akamweleza kwamba maziwa ya heshima hayamwagwi chini. Yule askari alimtazama kidogo, akasema bibi yake alikuwa na maziwa yanayonuka hivyo hivyo, na mkimwaga alichapa mtu. Anti akamwambia basi ni yako, na kibuyu chako. Alikunywa funda moja palepale, akafumba macho, akatupitisha. Nasema mapema: yeye ndiye mkubwa pekee tuliyemwona katika jengo lile.

Ofisini kuta zote zilikuwa seneta. Seneta na marais, seneta na mkasi na utepe, seneta na ng'ombe. Msichana wa mapokezi, wa rika langu, alituuliza kwa upole tunatoka kaunti gani ya jimbo lao. Anti akajibu Wheaton. Msichana akaeleza kwamba Wheaton iko Maryland, na ofisi hii huhudumia watu wa jimbo la seneta tu. Kwetu, mkubwa ni mkubwa wa wote. Hapa kumbe hata ukubwa una mipaka ya kaunti.

Kabla hatujainuka, mlango wa ndani ulifunguka na mzee mwenyewe akatoka, ameshikwa kiwiko na kijana wa tai aliyemnong'oneza aende mkono upi. Nilisimama. Nilimhesabia barabara, daraja, bwawa, na mizani, polepole kama nilivyoagizwa. Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono akauliza mvua ikoje huko nyumbani. Nikamwambia ukweli, kwamba Kericho imenyesha vizuri.

"Vizuri sana," akasema. "Waambie bado nawapigania."

Anti akasogea. "Mheshimiwa, binti yangu amebakiza wiki sita..."

"Msalimie," akasema seneta, akimpigapiga begani, na mtu mwingine akatupiga picha.

Hapo Anti akaona kamba ya kiatu cha mzee imefunguka. Kazi yake ni wazee, na anajua wakianguka nyonga huvunjika. Akapiga magoti na suti yake ya kanisani akaifunga. Seneta alinyoosha mguu bila kutazama chini, kama mtu aliyezoea, akaendelea kumwambia kijana wa tai habari ya chakula cha mchana. Kisha akapelekwa.

Msichana wa mapokezi alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akaandika kwenye karatasi anwani ya ofisi ya mbunge wetu sisi, kulekule Wheaton, hatua chache kutoka dukani, inafungwa saa kumi na moja. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kijitabu nilichoshika tukisome ukurasa wa sita.

Saa nane, kwenye treni ya kurudi, Anti alinisomea. Ukurasa wa sita, usio na picha, ulimsifu seneta kwa kupigania sheria ya kurefusha foleni za jamaa wa wageni. Tulikuwa tumemwimbia sifa mtu aliyejenga ukuta tuliotaka auvunje.

"Huu hukuusoma," Anti akasema.

Nikamwambia sikuusoma. Nilitaka anikaripie. Alikunja kijitabu, akakikalia, akasema mzee wa watu ana miguu imevimba na hakuna anayemwangalia.

Ofisi ya mbunge wetu ilikuwa chumba juu ya duka la miwani. Mwanamume mmoja alikuwa anakula mkate mezani. Hakuuliza jina la ukoo wala hakungoja sifa. Aliuliza nambari ya faili, tarehe ya kuzaliwa, na sahihi ya Anti. Alipoiona tarehe alisukuma mkate kando.

"Wiki sita," akasema. "Basi tuanze sasa hivi."

Akashika simu nasi tukiwa tumesimama. Jina la mbunge mwenyewe nililiona mlangoni tu, na sikuliona kwenye daraja lolote.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu anaweza kukaa kwenye kiti miaka thelathini na minane na kazi yake yote ikawa kukaa. Siutaki ubunge tena, na mazoezi ya sahihi nimeyaacha. Nikirudi nyumbani nitatafuta meza kama ile, ya yule mwenye mkate.

Chepkoech alifika uwanja wa ndege wa Dulles zikiwa zimebaki siku tisa atimize ishirini na mmoja. Alipita mbele yetu akisukuma toroli, dada mrefu mwenye koti la kijani, na Anti akaendelea kuchungulia nyuma yake, kwa sababu alikuwa anamtafuta mtoto wa miaka kumi na mitatu. Yule dada akasimama, akageuka, akasema, "Mama, ni mimi."